Mwizi wa Kokoto Zangu

Jumatatu, 1 Novemba 1971. Watakatifu Wote.

Nimeanza kuandika. Mimi, Anatory Karugendo, miaka sitini na tisa, kalamu ya risasi mkononi, bila kushikwa mkono na mtu. Miezi minane tu ya kisomo! Wenzangu wa rika hili bado wanaandika O kama yai lililokaliwa. O yangu ni mviringo kabisa. Mwalimu kasema kila mtu aandike mambo yake ya siku, mistari mitatu. Mistari mitatu! Mtu mwenye mambo kama mimi! Daftari nalificha chini ya godoro, upande wa ukutani. Clotilda mke wangu hajui kusoma. Kisomo anakuja, ndiyo, lakini anasema anakuja kukaa na wenzake tu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tarehe 27 wanakuja watu wa Muleba kumposa Kokugonza, kitinda mimba wangu. Kijana ni Datius, karani wa mizani ya kahawa. Mshenga wao ni mzee Kamugisha, baba yake mkubwa. Mnene. Anatembea kwa fimbo. Anavaa viatu vya ngozi. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni hatua arobaini, na Novemba ni mvua. Mwenye akili ameshaelewa.

Asiyeelewa akumbuke ya Celina, dada yake Kokugonza. Mshenga wa Celina aliteleza hapo hapo kwenye njia yangu, akakaa katikati ya tope na kanzu nyeupe, mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukamvunjikia mapajani. Wakaenda zao. Hawakurudi tena. Izimbya yote ilicheka mpaka Kwaresima. Celina sasa ni mtawa. Anasema aliitwa na Mungu. Mimi najua aliitwa na tope.

Leo baada ya misa Kokugonza kapiga magoti mbele yangu, adabu tele, lakini macho makali. Kasema, Tata, mimi Datius nampenda, na watu wake wakianguka hapa siendi utawani, napanda meli naenda Mwanza na hamnioni. Nimemwambia atulie. Baba yake ana mpango. Nitamwaga kokoto.

Jirani yangu Mutembei anayo njia ya kokoto tangu Julai. Mlutheri. Balozi wa nyumba kumi. Kila asubuhi anapita juu yake na viatu, kwaru kwaru, kwaru kwaru. Makusudi! Ili nisikie.

Jumatano, 3 Novemba

Kisomo. Hesabu. Mwalimu wetu ni Georgina, binti wa Mutembei. Hilo peke yake latosha mtu kukaa macho.

Nikauliza, kwa niaba ya rafiki yangu asiyetaka kutajwa, njia ya hatua arobaini kwa tatu inataka madebe mangapi ya kokoto. Akauliza, kina chake? Nikamwambia rafiki yangu anatengeneza njia, si kisima. Darasa lote likacheka. Lilikuwa upande wangu.

Akachora ubaoni. Urefu mara upana mara kina. Kina nusu shubiri. Akapiga hesabu ndefu kama treni, akasema madebe mia tatu. Tena akasema kwanza nitoe udongo wa juu, nimwage moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, nishindilie kwa gogo mpaka kisigino kisiingie, ndipo kokoto. Na kokoto ziwe za kupondwa, zenye kingo, kwa sababu zinashikana. Zile za ziwani ni duara, akasema, zinakimbiana.

Nikamtazama hivi. Mia tatu! Nikaona njama yote wazi kama mchana. Mia na ishirini zinakaa kwangu, mia na themanini zinapitia kwenye mwanya wa ua kwenda kwa baba yake.

Na kutoa udongo! Udongo wangu! Vizazi vinne vya samadi ya ng'ombe na majani ya migomba. Udongo wangu ukichomeka fimbo inaingia yenyewe, huna haja ya kusukuma. Kuku akipita anaacha nyayo kama kwenye unga. Bwana Shamba alitumbukiza mkono akafika kwenye kiwiko, akaapa hajaona udongo laini hivyo tangu aajiriwe. Huo ndio nitoe nikautupe? Niutupe wapi? Bila shaka kwa Mutembei, ambaye migomba yake imekonda kama mabua.

Hesabu yangu ni fupi. Arobaini mara tatu, mia na ishirini. Madebe mia na ishirini. Kwisha.

Jioni Kokugonza kaniuliza kama nimemwuliza mwalimu. Nimesema ndiyo. Akauliza kasemaje. Nimesema tumekubaliana.

Jumamosi, 6 Novemba

Kemondo! Nimekwenda na Aroni, dereva wa lori linaloshusha kahawa bandarini na kurudi tupu. Bei yetu jogoo mmoja na mtungi wa rubisi.

Pale ufukoni akina mama wana malundo. Lundo la moramu, jekundu, linachafua macho. Lundo la kokoto za kupondwa, za kijivu, sura ya meno mabovu. Za Mutembei ni hizo hizo. Halafu lundo la tatu. Mawe ya ziwani, meupe, duara, yameoshwa na ziwa tangu dunia ianze. Yanang'aa! Nikapanda juu ya lundo nipime uimara. Miguu ikacheza kidogo. Nikakaa. Nilikuwa nataka kukaa.

Mama muuzaji, Verdiana jina lake, akasema mzee, haya wanunua watu wa kupamba makaburi, ya njia ni yale ya kijivu. Nikajua. Ya kijivu hayanunuliwi, anatafuta mjinga wa kumbebesha.

Tena hawa wapimaji nawajua. Debe lao limebondwa pembeni, kila debe wanakupunja konzi mbili. Mimi nilikwenda na debe langu kutoka nyumbani! Verdiana akaligeuza, akatazama kitako, akauliza, waitu mzee, una hakika tupime kwa hili? Alitaka kunitia wasiwasi. Nikamwambia kwa hili hili na si jingine. Akatabasamu akaanza kupima. Nimemkomesha.

Madebe mia na ishirini, nimehesabu kwa vijiti. Lakini tuliposhusha nyumbani lundo lilikuwa dogo ajabu. Aroni! Kaangusha njiani. Nilikaa juu ya kokoto safari nzima, ila kwenye kona zile nilisinzia kidogo.

Clotilda anauliza kama nimeliona debe ambalo ng'ombe alilikanyaga kitako kikaingia ndani. Nimemwambia nina kazi, mambo ya ng'ombe aniulize siku nyingine.

Jumapili, 7 Novemba

Nimemwaga. Njia nyeupe kutoka barabarani hadi mlangoni! Waumini walipotoka misani walisimama kutazama. Mzee mmoja alivua kofia. Kokugonza alitembea juu yake mara mbili, akatabasamu mara ya kwanza wiki hii. Kisha akasema, Tata, mbona naona udongo katikati ya mawe? Nimemwambia ni mapambo.

Mutembei naye alikuja. Akasema, Ndugu Karugendo, hongera, lakini hukushindilia? Ndugu! Mimi na yeye tulinyonya wapi pamoja? Akakanyaga kwa kisigino, akakitazama kisigino, akatikisa kichwa. Alikuwa anapima zinaweza kubebwa kiasi gani kwa siku.

Jumatano, 10 Novemba

WIZI!

Mvua siku mbili. Leo jua limetoka, natazama njia yangu, kokoto hazijazi macho. Pale mwanzoni zimebaki kama nywele za mzee. Jumapili kati ya mgomba wa kwanza na wa pili nilihesabu kokoto mia nne. Leo themanini na tisa.

Nimemwita Clotilda. Ametazama njia, amenitazama mimi, akasema huenda mvua. Mvua! Mvua ina mikono?

Sikusema jina. Naandika tu hapa kwamba njia ya Mutembei leo inaonekana nene kuliko jana.

Ijumaa, 12 Novemba

Mtego. Jana nilichukua bluu ya kufulia ya Clotilda, yote, nikapaka kokoto mia mbili moja moja. Kazi ya kutwa nzima. Mgongo! Halafu leo asubuhi nikaaga kwa sauti kwamba nakwenda Kahororo kumwona shemeji, nikazunguka, nikajificha katikati ya migomba yangu na kibuyu kidogo cha rubisi kwa ajili ya subira.

Yaliyoonekana. Saa nne, Clotilda anafagia. Saa tano, mbuzi. Saa sita, Mutembei anapita kwenye mwanya wa ua kuja kuomba moto, na anaporudi anasimama kwenye njia yangu, anainua kiatu, anakwangua soli kwa kijiti! Kwenye soli kulikuwa na kokoto mbili. Akazitupa. Hakuzitia mfukoni kwa sababu alihisi anatazamwa. Nilitaka kutoka nimkamate, lakini miguu ilikuwa imezama mpaka kwenye vifundo, na nilipoichomoa alikuwa ameshakwenda. Hivyo ndivyo udongo wangu ulivyo. Hakuna mwingine mkoa mzima wa Ziwa Magharibi.

Jumapili, 14 Novemba

Ushahidi! Kuku mweupe wa Mutembei ana miguu ya bluu.

Nimemkamata, nimemfungia kikapuni. Amekiri kwa miguu yake. Kazi yao ni kuparua njia yangu, na kokoto zinapita kwenye mwanya kidogo kidogo. Nimepiga hesabu. Kuku mmoja, kokoto mbili kwa siku. Haitoshi. Kuna kundi.

Jioni nimeitwa kwa balozi. Balozi ni nani? Mutembei! Mshtakiwa ndiye hakimu! Mbele ya watu akasema, Ndugu Karugendo, tumetaifisha mabenki, lakini kuku bado ni wa mtu na mtu. Watu wakaangua kicheko. Akasema kuku wanakuja kwangu kwa sababu udongo wangu umejaa minyoo. Hapo alisema kweli. Nimemrudisha kuku kwa sababu ya sifa hiyo tu.

Halafu akasema lingine. Amebakiwa na moramu malundo mawili na gogo la kushindilia. Watu wa nyumba kumi wakija asubuhi moja, kwa ujamaa, kazi itakwisha kabla ya chakula. Clotilda kashukuru kabla sijafungua mdomo! Nikafungua. Nikasema hapana. Watu ishirini waingie kwangu na magogo, waupige udongo wangu mpaka ufe, na hapo hapo wahesabu migomba yangu? Clotilda alitembea mbele yangu njia nzima. Ni hatua arobaini tu, lakini zilikuwa ndefu.

Jumanne, 16 Novemba

Jambo zito.

Nimefungua daftari nimekuta maneno ambayo si yangu! Chini ya ile siku niliyoandika WIZI. Kwa kalamu ya risasi, herufi zimenyooka:

"Haziibiwi. Zinazama. Udongo ni laini mno. Mkubalie jirani."

Nimekaa chini. Mwizi ameingia chumbani kwangu! Ameinua godoro langu! Na mwizi anajua kusoma na kuandika, kwa hiyo ni mtu wa kisomo. Ona serikali inavyotumia fedha kuwafundisha watu wa namna hii.

"Mkubalie jirani." Anayefaidika ni nani? Jibu linajiandika lenyewe.

Nimemwonyesha Clotilda hayo maneno, nikasahau kwamba hajui kusoma. Akayatazama kwa muda. Akasema yameandikwa vizuri.

Jumatano, 17 Novemba

Kisomo. Upelelezi. Nimezunguka darasa zima nikijifanya naazima kifutio, natazama miandiko. Buberwa anaandika kwa kuinama kushoto. Si yeye. Mzee wa kwenye kona bado yuko kwenye herufi E. Si yeye. Georgina mwenyewe z yake ina mkia mrefu, ya mwizi haina mkia. Au ameukata makusudi.

Clotilda alikinga daftari lake kwa mkono nisione. Aibu ya mtu asiyejua. Nikamhurumia nikapita. Baadaye walipiga makofi, kuna mtu alikuwa ameitwa ubaoni kuandika sentensi ndefu na hakukosea hata herufi moja. Sikuona ni nani, nilikuwa chini ya dawati la Buberwa natazama soli za viatu. Clotilda alirudi kukaa mikono ikiwa na chaki.

Jumatatu, 22 Novemba

Siku ya kazi kwenye shamba la kijiji. Wote wamekwenda kupanda maharage. Mimi nimesema mgongo, nikapata nafasi ya kwenda kuikagua njia ya Mutembei kwa utulivu.

Nimepiga magoti nikageuza kokoto moja moja. Zote za kijivu. Hakuna nyeupe. Hakuna bluu. Nimejaribu kuchimba kwa kidole, kidole hakikuingia. Kwa kijiti, kijiti kimevunjika. Hapo chini pamekazwa kama sakafu ya kanisa. Kwa nini mtu akaze hivyo? Anafunika kitu!

Nikiwa nimeweka sikio chini, mke wa Mutembei akatoka jikoni. Akauliza, mzee, umeanguka? Nikamwambia nasali. Akasema wao husali wakiwa wameketi, lakini nijisikie nyumbani.

Nyumbani zimebaki kokoto chache sana. Nimeokota zinazoonekana, madebe matano, nimezifungia jikoni. Nitazimwaga siku yenyewe asubuhi, wageni wakute weupe. Mwizi hatapata muda. Hiyo ndiyo akili.

Kokugonza ameacha kula. Anatazama mawingu tu. Senene wameanguka kwa wingi, watu wanakimbizana nao kila mahali wakicheka, yeye amekaa mlangoni.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimewanasa kwa masikio yangu mwenyewe! Nyuma ya jiko, Clotilda, Kokugonza na mke wa Mutembei wananong'ona. Nimesikia maneno haya: kesho watapita kwa Mutembei, wataingia kwenye mwanya wa ua, mzee asijue.

Kundi! Kesho, wakati mimi nashughulika na wageni, kundi litapita kwenye mwanya kubeba yaliyobaki! Na nyumba yangu mwenyewe imo. Huenda wametishwa. Sikuwagombeza, adui asijue kwamba najua. Nimekwenda na panga, nimekata miiba, nimeuziba mwanya wote, urefu wa mtu mzima, nikakaza kwa kamba za migomba. Panya hapiti.

Nalala kama mfalme.

Jumamosi, 27 Novemba

Naandika jioni. Yote, kwa utaratibu.

Alfajiri mvua. Saa mbili nimemwaga madebe yangu matano. Weupe mtupu, mzuri, hauonyeshi unene wake. Nimevaa kanzu, koti na medali ya ubatizo.

Saa nane gari likasimama. Watu saba wa Muleba, mbele mzee Kamugisha na fimbo yake na viatu vinavyong'aa. Clotilda akatoka mbio, akapiga magoti, akawaelekeza kwa Mutembei! Nimemwona kwa macho yangu! Wakapita juu ya zile za kijivu, kwaru kwaru, Mutembei anatabasamu mlangoni kwake. Wakafika kwenye mwanya. Miiba. Kamugisha akatazama miiba, miiba ikamtazama. Clotilda akashika kichwa. Kokugonza, ambaye kwa desturi yuko ndani haonekani, nimesikia kilio chake kidogo kupitia dirishani.

Nikanguruma kutoka kwangu: Karibuni huku, waitu! Mlango wa nyumba hii ni huu! Wakarudi barabarani wakaja kwangu.

Hatua ya kwanza ya Kamugisha, kwaru. Ya pili, kwaru. Ya tatu, kwaru, nikamtazama Mutembei. Ya nne haikulia.

Mguu wa kulia ulikwenda. Ulikwenda, ukaendelea kwenda, mpaka katikati ya goti na kifundo. Akachomeka fimbo ajizuie, fimbo ikazama nusu. Akavuta mguu. Ulitoka na soksi. Kiatu kilibaki huko huko.

Watu sita wa Muleba wamesimama barabarani, hakuna anayethubutu kukanyaga. Mmoja alishaanza kutazama gari. Mimi nikaiona kanzu nyeupe ya mwaka ule, na mtungi, na Celina amefunga mizigo. Nikashika medali yangu kama mtoto. Mimi!

Ndipo Kokugonza akatoka. Binti anayeposwa, anatoka mbele ya watu! Kabeba magome ya mgomba kifuani, anakuja anayatandaza kwenye tope moja baada ya jingine. Ua ukapasuka, Mutembei katokeza kwenye miiba yangu, koti limechanika, kichwani mzigo wa nyasi za rweya, zile ndefu tunazokata mlimani kutandika ndani wageni wakija. Nyuma yake Georgina na mzigo mwingine. Wakatandika njia nzima, hatua arobaini, kama sebule. Kokugonza akapiga magoti pale pale topeni, akamwamkia Kamugisha kama inavyotakiwa, akampa bega ashike.

Kamugisha hakutembea. Aliinama. Nikasema basi, anatafuta la kututupia. Akachota udongo kwa kiganja. Akaufinya. Akaunusa. Akatumbukiza fimbo tena, akaichomoa, akatazama alama imefika wapi. Akauliza, vizazi vingapi? Nikasema vinne. Akauliza, samadi ya ng'ombe wangapi? Nikasema.

Akawageukia watu wake, akasema kwa Kihaya, taratibu: Nimetoka Muleba kuja kutazama binti, sikujua nitaonyeshwa udongo. Nyumba inayolisha ardhi hivi haiwezi kumlaza mtoto wetu njaa. Na binti anayetoka kwenye tope kumshika mzee asiyemjua, mimi sina swali la pili. Kisha akaniambia ombi lake la kwanza si binti. Ni machipukizi matatu ya mgomba.

Wakaingia. Wakakaa kwenye nyasi mpya, wakatafuna punje za kahawa kama desturi yetu, rubisi ikazunguka. Tumekubaliana. Harusi ni Januari. Kokugonza amekula sahani mbili. Kamugisha ameondoka na viatu vya kuazima vya Mutembei, vimembana, na Mutembei ameketi karibu naye tangu mwanzo mpaka mwisho wakizungumza kama ndugu.

Kilichowavutia ni kokoto. Kamugisha hakuzitaja hata mara moja. Wivu.

Jumatatu, 29 Novemba

Kamugisha ametuma salamu na kuomba kiatu chake. Nimechukua jembe, nimechimba pale pale.

Shubiri moja na nusu, kiatu. Kizima. Nikaendelea kidogo kuangalia kama kuna kitu kingine. Chini ya kiatu, weupe! Kokoto! Nikachimba mbele, kokoto. Nikachimba nyuma, kokoto. Karibu na mlango, kokoto za bluu. Zipo zote, madebe yangu mia na ishirini, zimelala chini ya ardhi kutoka barabarani hadi mlangoni, tabaka moja, zimenyooka vizuri.

Clotilda alisimama kando, amekunja mikono. Alingoja mpaka nilipomaliza. Akauliza, sasa umeona?

Nimeona! Mawe hayawezi kujipanga sawa hivyo yenyewe. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye kamba na vipimo. Georgina alipima, Mutembei alichimba. Hawakuiba, walizika! Walizika ili nidhani naibiwa, nipoteze akili kabla ya wageni. Hata kiatu cha mgeni wakakivuta chini kukamilisha kazi. Miaka sitini na tisa, sijaona ukatili wa namna hii. Nilimweleza Clotilda. Aliingia ndani. Nimemsikia anacheka au analia, mlango ulikuwa umefungwa.

Kokugonza ameuliza kwa adabu kama harusi inaweza kupitia kwa Mutembei. Nimekataa.

Nimeshazungumza na Aroni. Januari, kabla ya harusi, tunakwenda tena Kemondo. Zile zile nyeupe. Madebe mia na ishirini, kwa debe langu lile lile, ndilo pekee ninaloliamini. Ila safari hii Mutembei atanitambua. Kabla ya kumwaga nachanganya njia nzima na samadi, vikapu thelathini, ile mbichi. Udongo uwe laini mara mbili ya sasa. Akija na jembe lake, nyayo zake zitaonekana mpaka magotini.